Mzigo wa Shemeji

Mama Baraka ndiye aliyelileta lile neno uani. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, na kwa hamu ya kusema akasahau kuitua. Alisema Theresia amevuka mto. Kwamba alishuka Kilambo, akavushwa hadi upande wa Msumbiji, akaenda kwa mganga mmoja wa kule ambaye hata jina lake halitajwi ovyo, na huko akapewa dawa ya kufunga mizigo. Ndiyo maana mzigo wa shemeji yake, yule Anold mwenye mikorosho, unaingia Mtwara kwa basi kama mizigo ya watu wengine, unashushwa, unawekwa chini, watu wanauona kwa macho yao, halafu unaondoka tena wenyewe kwenda Songea.

"Mzigo una miguu, mwenzangu," alisema. "Na jiulize, kwa nini Songea? Si ndiko kwao Theresia? Unakwenda kusalimia wakwe."

Wapangaji wenzake wakacheka. Safina hakucheka. Alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, anakoroga unga wa mchele wa vitumbua, Mastura amelala mgongoni, na alijifanya kwamba mtoto ndiye anayemshughulisha. Habari za ule mzigo alizijua kuliko mtu yeyote pale uani. Hapakuwa na mganga wala dawa. Palikuwa na kalamu tu, na mkono uliokataa kuitumia.

Safina aliuza vitumbua na chai ya tangawizi mlangoni mwa ofisi ya Kusi Vifurushi, karibu na stendi. Theresia alifanya kazi humo ndani, kwenye meza ndefu ya kuchambulia mizigo. Walipanga nyumba moja, vyumba vyao vinatazamana, na asubuhi waliondoka pamoja, Theresia akimbebea birika kwa sababu Safina alikuwa na mtoto mgongoni na karai kichwani. Mastura akilia mchana, wa kwanza kunyanyua kichwa alikuwa Theresia, huko ndani, kabla hata mama mwenyewe hajasikia.

Theresia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alizaliwa Songea, akaletwa Mtwara na mjomba wake aliyekuwa karani bandarini, na akiwa bado msichana akapendana na Yohana, Mmakonde wa njia ya Kilambo, kuli siku za meli na mkulima siku zilizobaki. Wakafunga ndoa kanisani. Shamba la Yohana lilikuwa na mikorosho mikubwa ya wazee, ile inayotandaza matawi kama mabanda. Upande wa kichuguuni palikuwa patupu. Theresia ndiye aliyepajaza. Alichukua miche ya kubebeshwa, akaipanda mmoja mmoja, na mwaka mvua ilipokatika mapema aliimwagilia kwa ndoo ya kichwani hadi nywele za utosini zikapungua. Watu wakaiita mifupi ya Theresia, maana haikurefuka sana na ilizaa upesi. Mtoto hakujaliwa. Mimba ilikuja, ikatoka, haikurudi tena. Miti ile aliihangaikia mpaka Yohana akawa anamtania kwamba imebaki kuivalisha nepi tu.

Kisha Yohana akaugua ini akafa. Siku ya kuanua matanga, ndugu walipokaa kugawa, Anold, mdogo wa marehemu, alisimama akasema kwamba shamba ni la ukoo na litabaki kwenye ukoo. Mwanamke hana mtoto, hana damu ya kumshika hapa, arudi kwao Songea. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayewaambia wageni kwamba chakula kiko tayari. Theresia akaondoka na godoro, masufuria na mkeka mmoja.

Hilo silo lililomkaa rohoni, kwani alishaona wajane wangapi wakitolewa na masufuria yao. Lililomkaa ni jambo la msimu uliofuata.

Alikuwa ametoka kumsalimia rafiki yake Kilambo, anarudi kwa miguu kutafuta usafiri, akapita kando ya shamba. Korosho za ile mifupi zilikuwa zimedondoka, nyingine zimebingirika hadi njiani. Akaokota chache, akafunga kwenye pindo la khanga, akakaange ale. Anold akatokea na vibarua wake. Mama yake Safina, mkazi wa huko huko Kilambo, alikuwa anatoka kisimani, alishuhudia, na ndiye aliyemsimulia mwanawe. Anold hakupiga, hakutukana. Alisema, "Shemeji, fungua pindo." Theresia akamwangalia. Anold akarudia, mbele ya vibarua na mbele ya wanawake wenye ndoo: fungua pindo, tuone. Theresia akafungua. Korosho zikamwagika mchangani, na Anold akamwagiza kibarua aziokote zote, hata ile iliyobingirika ikagusa unyayo wa Theresia.

"Hakulia," mama yake Safina alisimulia. "Alijifunga khanga upya, vizuri, kama mtu anayekwenda harusini. Nikasema moyoni, hapo kuna kitu kimewekwa akiba."

Akiba hiyo ilikaa. Theresia alifua nguo za watu Shangani, akapika kwenye kantini ya mafundi wa gesi, mwisho akapata kazi ya vifurushi. Msimamizi wa ofisi, Suleimani, kijana wa Mikindani mwenye kofia safi kila siku, alimpenda kwa sababu mkono wake haukuchoka. Mizigo ya Dar es Salaam ilikuja na mabasi, ikamwagwa juu ya meza. Kila mfuko na kila boksi lilikuwa na stika, na kwenye stika ile mistari myeusi, minene kwa myembamba, ambayo ofisini waliiita bakodi na ambayo Safina aliiona kama kitana kilichovunjika meno. Theresia alishika mashine ya kusomea, umbo lake kama bastola ya kuchezea watoto, akailenga mistari. Taa nyekundu ikapita, mashine ikalia tii, na kwenye kioo chake kikatokea kituo. Newala. Tandahimba. Masasi. Mtwara hapa hapa. Naye akautupa mzigo kwenye salfeti, lile gunia la plastiki, la kituo hicho.

Jina la mtu halikusomwa na yeyote. Suleimani alikataza. Alisema zamani walikuwa wanasoma mwandiko wa vijana wa Kariakoo, wanabishana nusu saa kama hii ni Nanyamba au Nanyumbu, na mzigo unaishia kote kusikotakiwa. Sasa mashine ikisema Newala, ni Newala. Mkono usibishane.

Shida ilikuwa maboksi. Kusini boksi gumu halitupwi. Likishaleta redio Tunduru litabeba viatu kwenda Dar, litarudi na dawa za kuku Masasi, litakwenda hivyo hadi kona zake zilainike kama sikio. Kila safari linabandikwa stika mpya, na ya zamani hakuna anayejisumbua kuibandua. Boksi moja likaweza kufika mezani na mistari ya vituo vitatu, na ile mashine, pamoja na ujanja wake wote, haikujua ipi ni mistari ya leo na ipi ya mwaka jana. Ilisoma iliyotangulia mbele ya taa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchambuzi ilikuwa kuligeuza boksi pande zote na kuipaka maka peni nyeusi mistari yote ya zamani, isisomeke tena. Wenyewe walisema kuua mistari. Mwenzake mmoja akisahau, mzigo wa Mikindani ulikwenda kutembea Tandahimba, mwenyewe akaja kupiga kelele, Suleimani akaomba radhi, mambo yakaisha. Hakuna aliyeshangaa. Theresia peke yake ndiye alikuwa hajawahi kusahau.

Siku yenyewe Safina alikuwa ameingiza vikombe vya chai. Ulikuwa mwanzo wa maua ya korosho, mji mzima unazungumza salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Theresia alikuwa na boksi dogo mikononi, la biskuti, limefungwa kwa gundi ya karatasi. Aliligeuza. Juu palikuwa na stika mpya ya Mtwara, jina la Anold na namba yake ya simu. Ubavuni palikuwa na stika ya zamani, imechubuka pembeni, mistari yake mizima kabisa, na chini yake imeandikwa Songea. Maka peni ilikuwa tayari vidoleni, kifuniko kimetoka. Safina alimwona akisoma lile jina, na alilisoma kwa muda mrefu kuliko jina lenyewe lilivyohitaji. Kisha akarudisha kifuniko cha kalamu, taratibu, kikalia tak. Akalilaza boksi upande, ule ubavu wa zamani ukatazama juu, akapiga taa.

Tii. Songea.

Akalitupa kwenye salfeti la Songea. Akachukua mzigo uliofuata, na huo akaiua mistari yake ya zamani vizuri kabisa.

Alipoinua macho akamkuta Safina amesimama na sinia. Hakuona haya. Alipokea kikombe chake, akapuliza mvuke, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye aliambiwa arudi Songea na hakwenda. Basi boksi limwendee.

Safina alijua angepaswa kuogopa. Ofisi ina wenyewe, na mtu hupoteza kazi kwa dogo zaidi ya hilo. Lakini alipokaa tena nyuma ya karai lake alihisi kifuani joto fulani tamu, kama mtu aliyekunywa chai yenye tangawizi nyingi. Aliifikiria ile korosho moja iliyookotwa kwenye unyayo. Akamvuta Mastura mbele, akamnyonyesha, akamwambia kwa kunong'ona kwamba shangazi yake Theresia ana akili.

Boksi lilifika Songea. Wa kule wakaona namba ya simu si ya mtu wao, wakalirudisha, na mistari hawakuiua, waliona hiyo ni kazi ya Mtwara. Likarudi na vumbi jekundu kwenye mikunjo. Theresia akalipangusa kwa kiganja, karibu kwa upendo, akalilaza ubavu ule ule.

"Nenda tena," aliliambia. "Hukusalimia wote."

Kilichokuwamo ndani kilikuwa kabureta. Hayo Safina aliyapata kwa mama yake kwa simu. Mashine ya Anold ya kupulizia salfa imezimika, ni ya zamani, spea yake haipo Mtwara wala Masasi, ameagiza Dar na haifiki. Kuazima hawezi. Wakati wa maua kila mwenye mashine anapuliza kwake kwanza, na Anold si mtu ambaye jirani angemkimbilia kumsaidia. Amechukua soksi, ameijaza unga wa salfa, ameifunga kwenye mti mrefu, na alfajiri kabla ya upepo anapita chini ya mikorosho anaitikisa kama mwendawazimu. Mama yake Safina alicheka alipokuwa anasimulia. Halafu akaacha kucheka, akasema hata hivyo maua ni maua. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia hauulizi shamba ni la nani. Kwanza vishada vinapata vumbi jeupe, ungedhani kuna mtu amepepeta unga juu yake. Kisha vinakauka, vinakuwa vyeusi, na mwaka umekwisha. Miti midogo ikiunguzwa miaka miwili mfululizo, inadumaa, haiinuki tena.

Safina alimfikishia Theresia habari ya soksi. Ya mwisho hakumfikishia. Theresia aliposikia habari ya soksi alikaa kwenye kigoda uani akacheka peke yake, kicheko kisicho na sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika, hadi Mama Baraka akachungulia dirishani akapata la kuongezea kwenye habari zake za mganga.

Kisha Anold akaja mwenyewe.

Alishuka kwenye bodaboda adhuhuri, jua limewaka. Safina alimjua kwa harufu kabla ya uso. Salfa ilikuwa imeshika shati lake, nywele zake, kope zake. Macho yalikuwa mekundu. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri mizigo, naye akapita wote akaenda moja kwa moja kaunta. Suleimani alikuwa msikitini. Aliyekuwa kaunta ni Theresia.

"Shemeji," alisema Anold.

"Karibu, mteja. Foleni inaanzia kule."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kicheko. Anold akarudi nyuma, akasubiri nyuma ya mwanamke mwenye beseni la samaki. Zamu yake ilipofika, Theresia alimwomba namba ya mzigo. Akasema iko kwenye simu na simu imeisha chaji, ila aliiandika mahali. Akajipapasa mifuko ya suruali, haikuwemo. Theresia akaelekeza kidole kwenye mfuko wa rambo aliokuwa ameukumbatia.

"Humo je?"

"Humo mna vitu vyangu tu."

"Fungua mfuko, mteja. Tuone."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Safina, kutoka mlangoni, aliona shingo ya Anold ikikakamaa, akajua amekumbuka. Wale wa nyuma wakaanza kuguna. Mmoja akamwambia, fungua bwana, unaficha nini, una mke wa mtu humo. Watu wakacheka. Anold akafungua. Akatoa kimoja kimoja juu ya kaunta: nusu mkate, chaja, kitambulisho, kichupa cha dawa ya macho, na ile soksi yenyewe, ya njano, imetoboka kidoleni. Soksi ikamwaga unga. Mwanamke wa samaki akapiga chafya mara mbili, akamwuliza kama siku hizi soksi zinapikiwa bizari. Kicheko kikapita benchi zima. Theresia hakucheka. Alisubiri, mikono imekunjwa, anatazama vitu vile kimoja baada ya kingine kama mtu anayekagua sokoni na hajaona cha kununua.

Namba ilikuwa kwenye kikaratasi nyuma ya kitambulisho. Akaiingiza kwenye mashine.

"Mzigo haujapotea," alisema. "Uko njiani, umetoka Songea."

"Songea tena?"

"Mashine ndivyo inavyosema."

Anold akavikusanya vitu vyake. Alipomaliza hakuondoka. Aliinama juu ya kaunta akasema kwa sauti ya chini, na Safina akasogea na karai lake kana kwamba kuna mteja ameita.

"Unanilipizia, Theresia."

"Mimi nasoma mistari tu."

"Sawa, soma. Lakini nikwambie. Mikubwa ya baba haina neno, iko juu, inapata upepo. Ulioshikwa ni upande wa kichuguuni. Ile mifupi yako. Jana nimekuta vishada vina vumbi. Hii soksi unayochekea na watu wako, naitikisa chini ya miti uliyoipanda wewe."

Theresia akainua uso. Alimtazama hadi yule mwanaume akashusha macho.

"Anayefuata," akasema.

Alasiri ile Theresia alitupa mfuko wa Newala kwenye salfeti la Tandahimba. Suleimani aliuona, akautoa, akamwuliza kama anaumwa. Akasema kichwa. Njiani kurudi nyumbani hakubeba birika, alilisahau, ikabidi Safina alifuate. Na walipokuwa wamekaa uani wanachambua mchele alianza kuzungumza bila kuulizwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema Anold ni mwongo. Alikuwa mwongo tangu ujana, aliwahi kumdanganya kaka yake hata kuhusu mbuzi aliyekufa. Anajua pa kubonyeza. Akijua kwamba mtu anaipenda ile miti, atasema ni ile miti. Akachezea punje. Halafu akasema kwamba kichuguuni upepo wa alfajiri haufiki vizuri, hilo nalo ni kweli. Yohana alikuwa anaanza kupuliza huko kila mwaka, anaanza na mifupi.

"Kwani huwezi kwenda mwenyewe, da Theresia, ukaona?"

Theresia akamwangalia kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Anold alikwishawaagiza vibarua na majirani kwamba akionekana tu mpakani mwa shamba afukuzwe kama nyani. Na hata kama asingewaagiza, alisema, miguu yake haitakanyaga ile njia mpaka yule mtu awe ameitembea kwa aibu kubwa kuliko ile aliyotembea nayo yeye.

Basi la Songea likaingia, na boksi likarudi. Safina alikuwa mlangoni. Alimwona Theresia akilinyanyua, limechoka sasa, gundi imeanza kuachia, akaligeuza juu, akaligeuza ubavu, maka peni kwenye mkono mmoja na mashine kwenye mwingine. Hakuua na hakusoma. Alisimama hivyo hadi mwenzake wa mezani akamwuliza kama ameona nyoka. Kisha akaliinamia, akalisukuma chini ya meza, kwenye mizigo iliyochanika stika inayosubiri kuulizwa. Suleimani akauliza kile kiboksi kina nini. Theresia akasema mistari yake ina utata. Suleimani akasema sawa, ila Jumatatu chini ya meza pawe peupe, kila kitu kiwe kimekwenda kinakokwenda.

Ilikuwa Ijumaa. Safina alikuwa amekwisha kuaga kwamba kesho yake atampeleka Mastura Kilambo, bibi yake anamlilia. Theresia alilijua hilo. Wateja walipopungua alimwita ndani, nyuma ya masalfeti yaliyojaa, mahali ambapo sauti haifiki kaunta. Akampokea Mastura mgongoni mwa mama yake, akamweka kifuani, akamnusa kichwa.

Aliyapanga maneno yake kama alivyopanga mizigo. Alisema njia ya kwenda kwa mama yake Safina inapita kando ya kichuguu, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hakuna anayemfukuza. Kama Anold amesema kweli, kama mifupi imeshikwa na mikubwa ni mizima, boksi ataliachia Jumatatu asubuhi, yeye mwenyewe ataua mistari ya Songea na kumpigia simu aje achukue.

"Siyo kwa ajili yake," alisema. "Ile miti haikunikosea."

"Na kama amedanganya?"

"Kama mifupi ni mizima, boksi linakwenda Songea. Likirudi, litakwenda tena. Litakwenda mpaka mikubwa yake yote iwe kuni, na kuni hizo apikie watu wa ukoo wake."

Safina alimwona Mastura akikamata kidole cha yule mwanamke, kidole chenye wino mweusi usiotoka, na kukitia mdomoni. Theresia akakitoa taratibu, akampa kingine kisicho na wino. Safina akauliza swali alilokuwa analiogopa. Kama yote imeshikwa, mifupi na mikubwa?

Theresia akampapasa mtoto mgongoni. Huko mbele Suleimani alikuwa anamwita mtu jina, mashine inalia tii, tii.

"Hapo ndipo nitakapotaka kuona mwenyewe," alisema mwishoni. "Ipi imeungua zaidi. Kiasi gani. Kama bado kuna kishada chekundu hata kimoja kwenye mifupi." Akamrudishia mtoto, akamfunga vizuri mgongoni, akakaza fundo la mbeleko mara mbili. "Kwa hiyo usiniletee maneno, mama Mastura. Wewe una huruma. Utayakuta maua yamekauka, utakuja kuniambia hayajambo ili nilale. Au utamwona yule na macho yake mekundu, utakuja kuniambia yamekauka ili nimwachie. Nakujua. Nakuomba kitu kimoja tu. Nivunjie kitawi cha maua ya mifupi, na kitawi cha maua ya mikubwa. Kila kimoja uweke kwenye mfuko wake, uniletee nivione kwa macho yangu. Na tafadhali, mdogo wangu, usivichanganye."